Ukuta Haupungui Tena

Tarehe 4 Februari

Chembe wangu,

Salamu zitangulie, mengine yatajipanga foleni nyuma yake. Sisi huku wazima. Baba yako mzima, ila redio yake ndiyo inayotuua: kaifungulia mpaka mwisho tangu alfajiri, na ukimwambia apunguze anakuuliza, "Unasemaje?" Kaka yangu huyu kaendesha malori umri wake wote, injini zikamla masikio, sasa analipiza kisasi kwetu. Nyumba ni ileile. Ukuta wa uani nimeupaka upya. Chumba chako nimekifagia, na makopo yangu ya rangi nimeyatoa humo, ili siku ukija usilale na harufu ya tapentaini kama ulivyolala utoto wako wote.

Sasa nikupe kichekesho. Mwenye bucha wa hapo kona kaniita nimwandikie bango jipya. Nikapanda ngazi, nikaandika, herufi zimesimama wima, mwenyewe najisifu kimoyomoyo kwamba mkono huu bado. Nikashuka. Jamaa akatoka nje, akatazama, akashika kiuno. "Mama, si nilisema nyekundu?" Lahaula! Neno NYAMA, zima, nimelipaka kijani. Nyama ya kijani, Chembe! Nani anakula? Nikataka kupanda tena nilifute, akanikatalia. Anasema tangu asubuhi watu wanasimama kucheka, na wakishacheka wanaona haya kuondoka bila kununua. Basi limebaki. Mtaa mzima sasa ukimuuliza mtu anakwenda wapi, anakwenda "kwa kijani". Ni vifuniko tu vya makopo vilibadilishana, na mimi na haraka zangu.

Haya, lililonishikisha kalamu. Watu wananiuliza, binti wa kaka yako anafanya kazi gani huko? Nasema kompyuta. Anazitengeneza? Anaziuza? Hapo natumbua macho. Nimekulea mwenyewe tangu mama yako alipotutoka, nimekushika mkono ukiandika herufi yako ya kwanza, halafu sijui kutwa unashinda ukifanya nini. Niandikie. Lakini uniandikie mimi, usiwaandikie maprofesa.

Na lini unakuja? Safari hii siulizi kwa mazoea. Nataka kukutazama. Hivyo tu: nikuweke hapa mbele yangu nikutazame mpaka nishibe.

Mimi shangazi yako


Tarehe 2 Machi

Shangazi wangu mpenzi,

Shikamoo, na baba mpelekee shikamoo yake kwa sauti ya kushindana na redio. Mimi mzima kabisa. Chumba changu ni kilekile, dirisha linatazama maegesho ya magari, na jirani wa juu bado anaburuta viti kila asubuhi sijui anavipeleka wapi. Nyama ya kijani niliisoma nikiwa kwenye basi nikaangua kicheko, mama mmoja akahama kiti. Wenzangu kazini nimewasimulia, na wenyewe wanataka bango kama hilo.

Haya, kazi yangu. Mwambie baba akupe ile redio yake ya zamani iliyokufa, uifungue nyuma. Utaona vidude vyeusi vyenye miguu mitatu. Kila kimoja ni transista, yaani swichi, kama ya taa ya sebuleni, ila haibonyezwi na kidole, inabonyezwa na umeme wenyewe. Ikifunguka, umeme unapita. Ikifunga, umeme unakaa. Hakuna zaidi ya hapo, shangazi. Picha, nyimbo, hesabu zote za kompyuta, ni swichi tu zinafunguka na kufunga kwa kasi ya ajabu. Kwenye redio ya baba zilikuwemo chache na unazishika kwa vidole. Kwenye kipande kimoja cha chipu siku hizi, kipana kama ukucha wako, zimo mabilioni. Miaka yote hiyo watu wamekuwa wakizipunguza ukubwa, na kila zikipungua zinaingia nyingi zaidi na mambo yanakwenda mbio zaidi.

Kundi letu linashughulika na sehemu moja tu ya swichi hiyo. Kati ya kitufe na njia ya umeme kuna utando, sisi tunauita ukuta, kazi yake kuzuia umeme usivuje. Swichi ikipungua, ukuta nao lazima uwe mwembamba, la sivyo kitufe hakina nguvu ya kufunga njia. Sasa umebaki unene wa atomu chache. Na atomu, shangazi, ndiyo tofali la kila kitu duniani. Tofali hilo ukilivunja, huna tena ukuta.

Hapo ndipo elektroni zinapoanza utundu wao. Hizo ni chembe za umeme, wajina wangu. Ukuta ukiwa mnene zinakaa upande wake kwa adabu. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, baadhi unazikuta upande wa pili. Hazikutoboa, hazikuruka, hazikuzunguka. Zilikuwa huku, sasa ziko kule. Ndivyo zilivyoumbwa, wala si uzembe wa mtu. Basi swichi unaifunga na umeme unavuja vilevile, na chipu inapata moto bure.

Mkuu wetu anataka tuupunguze ukuta safu moja zaidi, na bado ufunge. Sampuli mpya inatoka mwezi wa tano. Ikifunga, shangazi, siku hiyohiyo naomba likizo. Nilipoondoka nilikuambia nitarudi na kitu nilichokifanya mwenyewe, na wewe ukaenda kumwambia mtaa mzima. Sitaki kurudi mikono mitupu. Nivumilie kidogo tu.

Wako, Chembe


Tarehe 11 Aprili

Chembe,

Usinune. Barua yako ilifika zamani. Nilikuwa naisoma polepole, kitu kitamu hakimezwi kwa mkupuo. Sisi wazima. Baba yako kaifungua ile redio ya zamani kama ulivyosema, tukaviona vidude vyako, sasa vimetawanyika mezani na hakuna anayejua vilikotoka. Kazi unayo ukija.

Ukipiga simu usihangaike, hunipati. Ilitumbukia kwenye kopo la rangi ya bluu, ikafa kifo cha kishujaa. Usinitumie nyingine. Simu ni ya kuulizana umefika hujafika, maneno yenyewe yanataka karatasi. Na usinicheke kwa herufi hizi kubwa. Mkono umezoea mabango, ukiuwekea karatasi unadhani ni ukuta.

Kazi yako nimeielewa, haki ya Mungu. Nimemweleza baba yako mpaka koo limekauka. Sisi huku, mtu akikutwa ndani na mlangoni hakupita, jina lake ni mwizi. Wewe unaniambia ndivyo alivyoumbwa! Baba yako kasema labda mlango ni mbovu. Nikamwambia mlango mzima, ukuta ndio mwembamba. Akafikiri, akatikisa kichwa, akasema, "Basi wahame." Akarudi kwenye redio yake.

Lakini nina swali. Mnapunguza mpaka lini? Mimi rangi naweza kuitia maji iwe nyepesi, niitie tena, na tena, lakini iko siku utapaka na ukuta utabaki vilevile, kumbe umepaka maji matupu. Huyo mkuu wenu siku hiyo haijui?

Kazi ya mgahawa mpya nimeikataa. Walitaka bango la ukuta mzima. Ngazi zimenichosha, magoti nayo yana maneno yake. Brashi nimeziosha nikazifunga kwenye gazeti.

Mwezi wa tano si mbali. Nitandike kitanda? Na kama huji, basi nitumie picha. Kubwa. Zile za kutia kwenye pochi sizitaki.

Shangazi


Tarehe 20 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo. Najua mwezi wa tano umepita bila mimi, na najua kitanda ulikitandika. Nisamehe. Baba mwambie "wahame" yake imezunguka maabara nzima, kuna mwenzangu kaiandika kwenye mashine yake.

Mimi mzima, nachoka tu. Sampuli ilitoka. Bado tunaipima. Kuna mambo madogo ya kurekebisha, tukisharekebisha tutatoa nyingine, halafu tutaona. Sina mengi ya kusema juu ya hilo kwa sasa. Mwisho wa mwaka nitakuja, na mwisho wa mwaka si maneno, ni ahadi.

Swali lako, kwamba mkuu wetu siku hiyo haijui, nimelibandika juu ya meza yangu. Kila mtu anayepita analisoma, anacheka kidogo, anaondoka. Leo silijibu.

Picha iko humu ndani, nimeikuza kama ulivyotaka mpaka mwenye duka kaniuliza kama ni ya uchaguzi. Ilipigwa kazini, mlangoni pa chumba cha mashine.

Magoti yakoje? Mbona unaandika kidogo siku hizi? Zamani ulikuwa unanipa habari za kila mtu, mpaka paka. Au nimekuudhi?

Wako, Chembe


Tarehe 28 Julai

CHEMBE,

HATUJAMBO. BABA HAJAMBO. REDIO HAIJAMBO.

HUJANIUDHI.

PICHA IMEFIKA. UMEPENDEZA MWANANGU. NGUO NYEUPE IMEKUKAA. NA KICHEKO KILE, MENO YOTE NJE, MAMA YAKO MTUPU. NIMEIWEKA KANDO YA KITANDA.

MWISHO WA MWAKA NI MBALI. LAKINI KAZI NI KAZI.

KARATASI IMEKWISHA.

SHANGAZI


Tarehe 15 Agosti

Shangazi,

Leo salamu zinisamehe, zitakuja mwishoni.

Kwenye picha ile sikucheka. Au nilicheka, sijui, na hakuna anayeweza kujua. Chumba chetu cha mashine hakitaki vumbi, unyoya mmoja wa nguo unaua chipu, kwa hiyo anayeingia anavaa vazi jeupe la kumfunika mwili mzima, kofia mpaka kwenye nyusi, na barakoa kutoka puani hadi kidevuni. Kinachoonekana ni macho, nayo yako nyuma ya miwani. Meno yangu uliyaona wapi, shangazi?

Mwanzoni nilicheka. Nikasema huyu shangazi na kunisifu kwake, hata sijafunua mdomo kashaona meno. Nikaiweka barua kabatini. Halafu juzi mkuu wetu akaniomba nimkusanyie picha za swichi zetu za miaka yote, zilizopigwa kwa darubini, nizipange mezani kutoka kubwa hadi ndogo, ili wageni waone tulikotoka. Nikazipanga. Nikazitazama zikipungua, zikipungua, mpaka ile ya mwisho. Nikakumbuka barua yako. Nilipofika nyumbani nikatoa barua zako, nikazipanga kitandani vilevile.

Zako zinakwenda kinyume. Februari uliujaza ukurasa mpaka pembeni. Aprili ukaniambia mkono umezoea mabango, na mimi nikaamini, kwa sababu ni kweli umezoea mabango. Julai neno moja linalala nusu ya mstari. Na nyama ya kijani! Wewe, uliyenifundisha rangi kwa majina yake yote, unachanganya kijani na nyekundu kwa sababu ya vifuniko? Simu kwenye kopo. Brashi kwenye gazeti. Nimecheka nyama ya kijani nusu mwaka, nimewachekesha watu nayo, kumbe ulikuwa unaniambia na mimi sisikii. Mimi ninayelipwa kuona vitu visivyoonekana!

Tangu lini? Daktari umemwona? Kasema nini? Usinifiche. Nina hasira nawe, na ningekuwa hapo ningekukumbatia mpaka ukaomba msaada.

Na mimi nikuambie langu, tuwe sawa. Sampuli ya mwezi wa tano haikufunga. Na iliyofuata haikufunga. Tukiongeza safu moja ukuta unazuia, lakini kitufe kinakosa nguvu. Tukiitoa, unavuja. Katikati ya hapo hakuna kitu, shangazi, hakuna nusu ya atomu. Nimepima kila namna, nimewasha na kuzima mashine mpaka walinzi wananijua kwa kikohozi. Jibu ni lilelile. Nalijua vizuri, na bado sijalitamka mbele ya mkuu, kwa sababu nikilitamka mradi unafungwa, na ukifungwa nitarudi kwako na nini? Ndiyo maana mwezi wa tano ukawa mwisho wa mwaka. Na mwisho wa mwaka, kama nisingeyagundua haya, ungekuwa mwaka mwingine.

Shikamoo. Nijibu upesi, nakuomba.

Chembe


Tarehe 6 Septemba

Mwanangu Chembe,

Mwandiko huu ni wa baba yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na yeye ni dereva, kwa hiyo tegemea mashimo. (Mimi baba yako sijambo. Anasema haraka mno.)

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na picha! Nimecheka peke yangu mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Ikabidi nimwambie yote. Naye hakuwa anajua, alidhani nimekuwa mwenye maringo tu, nampita bila kumtazama. Meno yako sikuyaona, mwanangu. Niliona kitu cheupe kirefu kimesimama. Nikasema, huyu tangu mdogo akisimamishwa mbele ya kamera anatoa meno, hapo sikosei. Nikakosea.

Ilianza kabla ya bucha. Mistari ikawa inapinda. Napiga mstari na rula, nikirudi nyuma kuutazama naona una kibyongo katikati. Nikalaumu ngazi, nikalaumu ukuta, nikalaumu mwenye duka kwa kujenga vibaya. Mwisho nikaenda kwa daktari. Akanichungulia na taa yake, akaniambia nyuma ya jicho, pale katikati hasa, pamechakaa, mama, na yote mawili. Nikamwambia basi niongezee miwani. Akasema miwani imefika mwisho wake, nikikuongezea kioo nakuongezea uzito wa pua tu.

Si giza, usije ukaanza kulia. Pembeni naona. Naona mlango, naona ndoo, naona baba yako akipita na redio yake. Lakini nikimtazama mtu usoni, uso ndio unaofutika. Nikimtazama begani, uso unachungulia kando, kidogo. Mwanzoni nilikasirika sana. Sasa nimezoea kutazama watu mabega, ila wengine wanadhani nina dharau. Mwenye bucha kaniuliza kama shati lake lina doa.

Barua zako nilikuwa nazisoma kwa kioo cha kukuzia, pale dirishani, neno moja moja. Jua likihama, nami nahama na kiti. Ile ya Machi ilinishinda wiki nzima, nikifika mwisho wa mstari nimesahau mwanzo wake. Ningempa baba yako anisomee, lakini zilikuwa zangu. Hata nilipokuwa sikuelewi ulikuwa wangu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilitaka uje kwa hamu. Ukija kwa huruma nitajua, na nitakufukuza hapohapo mlangoni. (Hatakufukuza. Juzi kalia. Baba.) Umeandika nini hapo? Anasema kaweka nukta.

Sasa hilo la mikono mitupu. Nilikupokea ukiwa na mikono mitupu, tena midogo, haiwezi hata kushika kijiko. Nilikudai kitu? Mimi nakusubiri wewe. Chipu nitaifanyia nini, niitundike kwenye bango? Kilichoniuma ni kwamba umekaa huko miezi yote na jambo zito kifuani, peke yako, na mimi huku na langu, peke yangu, tunatumiana vichekesho. Ukuta wetu nao unavuja, Chembe. Tunajifanya tumefunga.

Kamwambie mkuu wako. Daktari aliponiambia miwani imefika mwisho nilimchukia, nikakataa hata chai yake. Usiku huo nililala usingizi ambao sijaulala muda mrefu. Nilikuwa nimechoka kulaumu ngazi. Nawe utalala.

Daktari hasemi lini. Anasema pembeni patabaki na mimi, katikati pataendelea kupotea. Kwa hiyo uso wako, kama unakuja nao, usichelewe nao.

(Mimi naongeza. Anakaa mlangoni jioni na picha yako mapajani, anaigeuza huku na huku kutafuta wapi anaiona. Njoo, binti yangu. Redio nitaipunguza.)

Shangazi yako, na dereva wake


Tarehe 19 Septemba

Baba,

Shikamoo. Karatasi hii ndogo umsomee shangazi. Zile kubwa ulizozikuta zimekunjwa usimsomee. Zibandike ukuta wa uani, ule aliopaka mwenyewe, asubuhi jua likiwa upande huo, umpelekee kiti, halafu uondoke. Hata akikuita usiende. Nimeziandika kwa brashi, kwa rangi nyeusi, herufi za ukubwa alionifundisha yeye. Neno moja tu, la pili, ni la kijani. Hilo umwambie, maana rangi zinamdanganya. Mwambie safari hii si kifuniko.

Shangazi, nilikwenda kwa mkuu. Nikamwekea picha zote mezani na vipimo vyote, nikamwambia ukuta haupungui tena, si kwa sababu hatukujitahidi, bali kwa sababu atomu haina nusu. Akazitazama picha moja moja. Kisha akasoma lile swali lako, nilikuwa nimekwenda nalo, nikalibandika juu ya vipimo. Akaniuliza nani kaandika. Nikamwambia ni mchora mabango aliyenilea. Akavua miwani akasema siku hiyo anaijua tangu mwaka jana, alikuwa anasubiri mmoja wetu aitamke kwanza. Wewe, nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa! Jengo zima tulikuwa tunafichana kitu ambacho kila mmoja anacho mfukoni.

Mradi umefungwa. Hakuna aliyekufa. Wamekwishaanza kupanga namna ya kuzipandisha swichi moja juu ya nyingine kama ghorofa, kwa kuwa kuzipunguza kumegoma. Baba, "wahame" yako ndiyo hiyo. Nafasi yangu ipo nikirudi. Wakaniuliza nitarudi lini. Nikasema nikishatazamwa.

Nimelala, shangazi. Ulisema kweli. Nimelala mpaka jirani wa juu kaniamsha kwa viti vyake.

Na siji kwa huruma. Nakuja kwa sababu nina hamu nawe mpaka nanusa tapentaini barabarani. Usiniondolee makopo chumbani, yarudishe.

Sasa baba, zibandike, mkalishe mbele ya ukuta, uondoke zako.

Chembe

*

SHANGAZI

*

NAKUJA

*

JUMAMOSI
MIKONO MITUPU

*

NIKIFIKA
USINITAZAME USONI

*

NITAZAME BEGA

*

NITAKAA HAPO
MPAKA USHIBE